Maziwa ndani ya moteri: historia fupi ya makamio yetu



Hapa kwetu Butembo kuna sentensi fupi ambayo mwenye kamio hapendi kabisa kuisikia: "Iko maziwa." Fundi amefungua kifuniko cha kujazia mafuta ya moteri, amepitisha kidole, na kidole kimetoka na ute wa rangi ya chai ya maziwa. Maji ya radiateri na mafuta ya moteri, vitu viwili ambavyo havikupaswa kukutana hata siku moja, vimekutana. Kuanzia hapo maneno yanakuwa mengi: fungua moteri, usifungue, nunua kulasi, badilisha moteri nzima. Na kila neno lina bei yake kwa dola.

Mutaniuliza: mtu wa agronomia anatafuta nini ndani ya moteri? Jibu ni rahisi. Sisi tunahesabu kilo kwa hektari, tunachagua mbegu, tunapigana na mnyauko wa migomba, lakini gunia la maharagi la Vuhovi halina bei nzuri mpaka lipande gari. Gari likifia njiani, kazi ya miezi minne inaozea chini ya shiti. Njo maana historia ya kilimo chetu ni pia historia ya makamio yetu. Na neno langu la leo ni moja: maziwa yale hayaanzi siku yanapoonekana. Yana historia ndefu, ya moteri yenyewe na ya nchi nzima, na fundi mzuri ni yule anayeisoma hiyo historia kabla ya kushika ufunguo.

1. Maji yaliingiaje kwenye moteri?

Rudolf Diesel alifikia majaribio yaliyofaulu ya moteri yake huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Ilikuwa mashini nzito, ya kusimama mahali pamoja, na tayari ilipozwa kwa maji. Hakukuwa na ujanja mwingine rahisi. Kwa moteri za zamani mafundi wanafundishwa hesabu hii ya haraka: karibu theluthi moja ya nguvu ya mazuti inasukuma gari, theluthi moja inatoka na moshi, na theluthi inayobaki ni joto ambalo lazima lichukuliwe na kutupwa nje. Usipolitupa, chuma kinavimba, pistoni inakwama, kazi imekwisha.

Kwa gari linalotembea, kulihitajika chombo chepesi cha kupoza maji. Wilhelm Maybach alikipata: radiateri yenye vitundu vingi kama sega la nyuki, iliyowekwa kwenye gari la Mercedes la mwaka 1901. Kisha Benz na MAN wakaleta makamio ya kwanza ya dizeli mwaka 1923 na 1924. Toka hapo mpangilio haujabadilika sana. Ndani ya chuma kimoja kunapita mito miwili. Mto wa maji unazunguka silinda na kurudi kwenye radiateri. Mto wa mafuta unapanda kutoka kwenye karteri, unalainisha kila kitu kinachozunguka, unarudi chini. Kati ya mito hiyo, mahali pengine, kuna milimita chache tu.

Basi kuna mipaka, na kila mpaka una mlinzi wake. Wa kwanza ni gasketi ya kulasi, kile kipande chembamba kinachobanwa kati ya bloki na kichwa cha juu cha moteri. Maskini huyo anazuia vitu vitatu kwa wakati mmoja: moto wa silinda, maji, na mafuta. Wa pili ni chuma chenyewe cha kulasi na cha bloki, ambacho kinaweza kupasuka. Wa tatu, kwenye moteri zenye silinda za kuchomeka ambazo maji yanazigusa moja kwa moja, ni pete za mpira zilizo chini ya silinda. Wa nne ni kipoza mafuta, kifaa ambamo maji na mafuta vinapita ubavu kwa ubavu, vikitenganishwa na ukuta mwembamba wa chuma, ili maji yachukue joto la mafuta. Mpaka mmoja ukivunjika, munapata maziwa.

Kuna waliokataa mpangilio huo. Deutz ya Ujerumani ilitengeneza dizeli inayopozwa kwa hewa miaka ya 1940, na makamio ya Magirus-Deutz yaliuzwa sana baada ya vita kwa sababu hiyo: hakuna radiateri, hakuna maji ya kuganda kwenye baridi wala ya kuchemka jangwani. Moteri ya namna ile haiwezi kupata ugonjwa wetu wa leo. Lakini ilikuwa na kelele nyingi, na baadaye sheria za moshi zilipokuwa kali, kudhibiti joto kwa hewa tu kukawa kugumu. Watengenezaji wengi walibaki na maji. Na sisi tukabaki na maziwa.

2. Kwa nini makamio yetu ni mazee?

Butembo ilianza kukua mwishoni mwa miaka ya 1920 karibu na kambi ya kampuni ya madini ya MGL. Milima ya Lubero na Beni ikapata mashamba ya kahawa na ya kwinini, na wakulima wa Kinande wakalima mboga za nchi baridi: viazi, maharagi, vitunguu, kabichi. Soko kubwa lilikuwa mbali, Stanleyville, leo Kisangani, karibu kilometa 800 kupitia msitu. Wakati wa Zaire biashara hiyo ikawa mikononi mwa watu wetu. Janet MacGaffey, mtafiti aliyeandika juu ya wafanyabiashara wa Zaire mwaka 1987, aliwaonyesha Wanande kama mfano wa watu waliojijenga bila kubebwa na serikali, na maharagi na mboga kwenda Kisangani vilikuwa sehemu ya siri yao. Mwenye kamio alikuwa mtu mkubwa. Kamio ndiyo ilikuwa benki yake.

Kisha ikaja tarehe 30/11/1973. Mobutu akatangaza zairianisasio: maduka, mashamba na biashara za wageni vikagawiwa Wazaire, mara nyingi watu wenye jina kuliko wenye ujuzi. Watu wanakumbuka maduka matupu. Lakini fikirieni pia piese. Duka la mgeni lililokuwa na uhusiano na kiwanda cha Ulaya, lililojua kuagiza gasketi ya namba fulani na kulipa kwa wakati, likakatika. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanguka kwenye soko la dunia, na nchi iliyoishi kwa shaba ikakosa pesa za kigeni. Kuagiza kamio mpya kwa njia ya halali kukawa ndoto.

Hapa kilimo kinarudi kwenye historia yetu kwa mlango wa ajabu. Julai 1975, baridi kali iligandisha mashamba ya kahawa ya jimbo la Paraná, Brazili. Mamilioni ya miti ikafa kwa usiku chache. Bei ya kahawa duniani ikapanda, na mwaka 1977 ilipita dola 3 kwa ratili, jambo lisilowahi kuonekana. Mkulima wa Kivu mwenye miti yake mia chache akajikuta na dhahabu nyekundu mkononi. Serikali ilitaka kahawa ipite Kinshasa na kulipwa kwa zaire, pesa iliyokuwa inapoteza thamani kila mwezi. Kahawa ikachagua njia fupi, ya mashariki. Vwakyanakazi Mukohya, aliyeandika tezi yake ya mwaka 1982 juu ya wafanyabiashara wa Butembo, alichunguza biashara hiyo ya kuvuka mpaka: kahawa ilitoka, na baadaye dhahabu pia, kilichorudi ni vitu ambavyo duka la hapa halikuwa navyo tena, pamoja na magari na piese.

Kwa hiyo makamio ya Butembo ya enzi ile yalinunuliwa kwa kahawa. Ao tuseme hivi: theluji ya Brazili ilituletea radiateri. Ni utani kidogo, lakini mfululizo wenyewe ni wa kweli.

Vita vya 1996 na vya 1998 hadi 2003 viliongeza umri wa kila kitu. Nchi ikagawanyika, na njia ya kwenda Goma ikakatwa na mstari wa vita upande wa Kanyabayonga. Wafanyabiashara wetu wakageukia Kampala, Mombasa, Dubai, hata Asia ya mbali. Timothy Raeymaekers ameieleza vizuri Butembo ya wakati huo katika kitabu chake cha 2014. Ndipo gari lililotumika tayari, lililoshushwa Mombasa na kuingilia Kasindi, likawa "jipya" kwetu. Mercedes zenye pua fupi ya duara, ambazo zilianza kutengenezwa mwaka 1959, zikakutana barabarani na Fuso za Kijapani. Jina Fuso lenyewe lina umri: Mitsubishi walilipa basi lao la mwaka 1932. Leo kwetu watu wengi wanasema "Fuso" hata kama gari ni la kiwanda kingine.

Ninasimama kidogo hapa ili tuelewane. Mtu akisema "makamio yenu ni mazee kwa sababu munapenda vya bei rahisi", anasahau 1973, shaba, kahawa na vita. Moteri iliyofunguliwa mara nne si uchafu wa mtu mmoja. Ni nchi ambayo kwa miaka 50 ililazimika kutengeneza badala ya kununua.

3. Mlima nao una sehemu yake

Tuje kwenye fizikia, kwa sababu bila hiyo historia inabaki hadithi. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kule Mombasa maji yanachemka kwenye digrii 100. Hapa kwetu yanachemka karibu digrii 94. Moteri ya mazuti yenye afya inafanya kazi kati ya 80 na 90. Hesabuni wenyewe nafasi inayobaki.

Watengenezaji walijua hilo. Kifuniko cha radiateri chenye springi kiliwekwa ili kufunga presha ndani. Presha ya karibu bari 1 inapandisha kiwango cha kuchemka kwa digrii 20 hivi. Lakini kifuniko kile ni kitu kidogo, kinapotea, mpira wake unakauka. Kinabadilishwa na kingine cha gari lingine, ao na kitambaa kilichofungwa kwa kipande cha nailoni. Siku hiyo presha imeondoka, na kamio imerudi kwenye digrii 94 zake. Kisha inapakiwa kupita kiasi, inateremka bonde la Rwindi, halafu inapaswa kupanda ukingo wa Kabasha kwa gia ya kwanza, polepole, bila upepo wa kutosha kwenye radiateri. Inachemka. Shoferi anasimama, msaidizi anakimbia na kidumu, maji baridi ya mtoni yanamiminwa kwenye chuma kinachowaka. Kulasi inajipinda ao inapata ufa usioonekana kwa macho. Gari linawaka tena, linafika sokoni, watu wanashangilia. Maziwa yatakuja baada ya wiki tatu, na hakuna atakayekumbuka Kabasha.

Maji yenyewe pia ni shahidi. Kisayansi, maji ya kupoza yanapaswa kuwa na dawa ya kuzuia kutu. Maji ya mtoni yana madini, oksijeni na udongo. Kidogo kidogo yanakula chuma na kuziba njia nyembamba za radiateri. Kwenye silinda zinazoguswa na maji kuna ubaya mwingine: silinda inatetemeka kila moto unapolipuka, vipovu vidogo vinazaliwa na kupasuka juu ya chuma, na kila kimoja kinachukua chembe ndogo. Baada ya miaka, kuna shimo la sindano. Gasketi ni nzima, kulasi ni nzima, na bado maji yanapita.

4. Kusoma dalili kwa mpangilio

Sasa tuko mbele ya ute mweupe. Kwanza tuuelewe. Munakumbuka pulverizateri? Dawa fulani za wadudu ni mafuta safi ndani ya chupa. Ukizimimina kwenye maji, yote yanakuwa meupe kama maziwa. Ni emulsio: matone madogo sana ya kitu kimoja yameelea ndani ya kingine. Mafuta ya moteri yana sabuni zake za kusafisha, na moteri inayapiga kwa mizunguko elfu mbili kwa dakika. Maji yakiingia, maziwa yanatengenezwa haraka. Hatari yake si rangi. Hatari ni kwamba maziwa hayana nguvu ya kutenganisha chuma na chuma. Kusineti, vile vipande laini vinavyobeba mtaimbo mkuu wa moteri, vinaanza kusagika. Ukiendelea kutembea, ugonjwa wa gasketi ya bei nafuu unakuwa kifo cha moteri nzima.

Lakini si kila maziwa ni ugonjwa. Hapa njo pesa mingi inapotea. Nchi yetu ni ya baridi, na tumezoea kutoa termostati, "ili gari lipoe vizuri". Moteri isiyo na termostati haifiki joto lake. Mvuke unaobaki ndani haukaukii, unaganda chini ya kifuniko cha mafuta, na unachanganyika na mafuta kidogo. Fundi mwenye haraka anaona cheupe, anasema kulasi. Kumbe ni umande. Swali la kutofautisha ni rahisi: je, mafuta ya chini, kwenye kijiti cha kupimia, nayo ni meupe? Je, kiwango chake kimepanda? Je, radiateri inapunguka maji bila kuvuja nje? Kama majibu yote ni hapana, weka termostati, tembeza gari mpaka lipate joto, angalia tena.

Kama jibu ni ndiyo, kuna hatua ambazo hazidai kompyuta wala kufungua moteri.

Ya kwanza: acha gari lilale usiku mzima. Asubuhi, bila kuwasha, legeza polepole skrubu ya chini ya karteri. Maji ni mazito kuliko mafuta, yamekaa chini. Kama ni mengi, yatatoka ya kwanza, na wote mutayaona.

Ya pili: tone la mafuta juu ya bati la moto. Mafuta safi yanatoa moshi kimya. Yenye maji, hata sehemu moja kwa elfu, yanatoa mlio kama chumvi kwenye moto. Nchi zenye maabara kubwa bado zinatumia jaribio hilo kama hatua ya mwanzo.

Ya tatu: fungua radiateri moteri ikiwa BARIDI, nasisitiza, baridi, sababu watu wameungua uso. Washa. Vipovu vinavyoendelea kutoka mara tu moteri inapowaka vinaonyesha kwamba hewa ya silinda inaingia kwenye maji: gasketi, ao ufa kwenye kulasi. Mwenye kutaka uhakika anapitisha hewa ya juu ya radiateri ndani ya blu ya bromotimoli. Sisi wa agronomia tuliikuta maabarani. Ikikutana na gesi ya kaboni inaacha ubuluu, inakwenda kijani ao njano. Mafundi wa dunia nzima wanatumia kemia ileile.

Ya nne: angalia mwelekeo. Moteri ikitembea, mafuta yana presha ya bari 3 hadi 5, maji karibu bari 1. Mwenye nguvu ndiye anayevuka mpaka. Kwa hiyo ukikuta mafuta mengi yanaelea ndani ya radiateri, mshukiwa wa kwanza ni kipoza mafuta, na kukitoa hakudai kugusa kulasi. Moteri ikizimwa, presha ya mafuta inaanguka mara moja, ya maji inabaki kwa muda, na safari inageuka. Ukikuta maji ndani ya mafuta lakini radiateri ni safi, fikiria pete za chini za silinda, shimo la sindano, ufa, ao gasketi.

Ya tano: pampu. Jaza radiateri, weka presha sawa na ya kifuniko chake, shusha karteri, kaa chini na tochi. Tone litaanguka kutoka mahali fulani. Mahali hapo pana jina.

Baada ya hapo tu, ndiyo, fungua. Na ukifungua usiridhike na gasketi mpya. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya kulasi, ujaribu kupitisha kipimo chembamba chini yake. Tafuta ufa. Kwa kutafuta ufa kuna njia ya zamani kuliko dizeli yenyewe kwenye barabara zetu: mwishoni mwa karne ya 19 karakana za reli zililowesha vyuma vya treni kwa mafuta, zikavipangusa, zikavipaka chokaa nyeupe. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yalitoka na kuchora mstari mweusi. Fundi wa Butembo anayepaka petroli, anapangusa, anasugua chaki ya shule, anafanya kazi yenye zaidi ya miaka mia. Munapomwona msimcheke. Anasoma kitabu kilekile.

Muone sasa mpangilio wa hatua hizi zote: kwanza swali, kisha dalili ya bei ndogo, kisha ya bei ya kati, mwishoni ile ya kufungua. Na kabla ya yote, historia: ilichemka lini mara ya mwisho? Nani aliongeza maji, ya wapi? Kulasi imewahi kusawazishwa mara ngapi? Gasketi iliyowekwa ilikuwa mpya ao ilitolewa kwenye moteri nyingine? Ndiyo maana ninasema kutambua ugonjwa wa moteri ni kazi ya mwanahistoria. Ushahidi, tarehe, mfululizo, na kutomwamini shahidi wa kwanza.

5. Hesabu inaangukia nani?

Tuchukue kamio moja ya kawaida, iliyobeba nyanya na ndizi. Juu yake hakuna mali ya mtu mmoja. Kuna magunia ya mama mmoja, mikungu ya mwingine, viroba vya kijana aliyekopa ili alipe minervali. Maziwa yakionekana Jumatano, na fundi akikosea kwa kusema "kulasi" wakati ni kipoza mafuta, gari linalala siku nne. Mwenye kamio anapoteza pesa ya kazi isiyohitajika. Wale wengine wanapoteza mzigo wote. Nyanya haingojei. Hakuna bima inayowalipa, na hakuna kitabu kinachoandika hasara yao. Sisi tukifika na takwimu zetu tunaiita "hasara ya baada ya mavuno", kana kwamba ni kosa la nyanya.

Kinyume chake nacho kinaumiza. Fundi akisema "ni umande tu" wakati maji yanaingia kweli, moteri inakwama kwenye mteremko, na gari zito lisilo na moteri ya kulisaidia kupunguza mwendo linabaki na breki peke yake. Hapo tunazungumzia roho za watu.

6. Leo

Mambo yanabadilika. Juni 2021 marais wa Kongo na Uganda walizindua mradi wa barabara za kilometa 223: Kasindi hadi Beni kilometa 80, Beni hadi Butembo 54, na Bunagana hadi Goma 89. Mwaka 2022 nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lami inapunguza gia ya kwanza, na gia ya kwanza ikipungua, kuchemka kunapungua. Lakini vita havijaisha. Mauaji ya upande wa Beni toka 2014 yamefanya shoferi aogope kusimama msituni kuongeza maji, hata sindano ya joto ikipanda. Na mwaka 2024 Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa M23, njia ya Goma ikawa shida tena. Moteri zetu zinaendelea kulipa bei ya siasa, sawa na zamani.

Sisi tuliosoma tunaweza kufanya nini? Sina mradi mkubwa wa kuwauzia. Nina mambo matatu madogo. Moja: kila kamio iwe na daftari, kama kadi ya mgonjwa hospitalini. Tarehe ya vidanji, tarehe ya kuchemka, maji yaliyoongezwa, piese iliyobadilishwa. Kalamu na kurasa mia zinaokoa kulasi. Wengi wetu tuna kaka ao mjomba mwenye gari, tuanzie kwake. Mbili: ushirika wa wakulima unapokodi kamio, uulize juu ya kifuniko cha radiateri, termostati na kiwango cha maji kabla ya kujadili bei ya gunia. Tatu: mafuta yale meupe yaliyomwagwa yasielekee mtoni Kimemi wala kwenye shamba la mtu. Udongo hausahau haraka.

Na tuwaheshimu mafundi wanaouliza maswali mengi kabla ya kufungua. Kwetu tunamsifu fundi wa haraka. Lakini yule anayekaa chini, anawasha tochi, anauliza "ilianza lini?", huyo ndiye anayewaokoa mama wa nyanya bila wao kujua jina lake.

Ninawaachia swali, wenzangu: katika familia yenu, kamio ya kwanza ilinunuliwa mwaka gani, kwa mazao gani, na ilikufa kwa ugonjwa gani? Waulizeni wazee wangali hai. Andikeni hapa chini. Hiyo nayo ni historia, na hakuna atakayekuja kutuandikia.